Koroga kwa Kipimo: Mwongozo wa Kupuliza Argoni Ndani ya Ndoo ya Chuma

Kama unafanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, unasomea ufundi wa metali chuoni, au unasimamia zamu na unataka bileti ya mwisho iwe na ubora sawa na ya kwanza, mwongozo huu ni wako. Viwanda vingi vya nondo vya Afrika Mashariki huyeyusha chuma chakavu kwa tanuri za induksheni. Humo tanurini, nguvu za sumaku ya umeme hukikoroga chuma bila fundi kugusa kitu. Kikishamiminwa kwenye ndoo, ukorogaji huo umekwisha. Kuanzia hapo kazi ni ya gesi, na vali ya gesi iko mkononi mwako.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: gesi hufanya kazi tatu ndani ya ndoo, na kila kazi ina kipimo chake. Ukiiacha vali palepale tangu mwanzo hadi mwisho, kazi moja itafanikiwa na nyingine itaharibika.

## Majina ya vitu

- Ndoo: chombo kikubwa kilichojengewa matofali ya kuhimili moto, kinachopokea chuma kilichoyeyuka kutoka tanurini.
- Plagi: tofali maalumu sakafuni mwa ndoo, lenye vitundu au mianya myembamba sana. Gesi hupita. Chuma hakipiti kwa urahisi, kwa sababu hakililowanishi tofali hilo.
- Slagi: mavi ya chuma, yaani tabaka la oksaidi zilizoyeyuka linaloelea juu ya chuma.
- Jicho: duara la chuma kilichobaki wazi pale mapovu yanapoisukuma slagi pembeni.

## Kwa nini tunakoroga

Kazi ya kwanza: kusawazisha joto na kemia. Chuma kilicho karibu na kuta hupoa, huwa kizito, hushuka. Ndoo ikitulia, chini huwa baridi kuliko juu, na kipimo cha joto ulichochovya karibu na uso kinakudanganya. Ndivyo ilivyo pia kwa viungo, yaani vitu vinavyotiwa ili kurekebisha kemia ya chuma: ferosilikoni na alumini ni nyepesi kuliko chuma, huelea, na zisipokorogwa huungulia juu badala ya kuingia ndani.

Kazi ya pili: kuondoa salfa. Salfa nyingi hufanya chuma kipasuke kinapopita kwenye roli kikiwa chekundu. Chokaa iliyomo kwenye slagi huivuta salfa, lakini ni pale tu slagi na chuma vinapogusana, na oksijeni ndani ya chuma ikiwa imeshafungwa na alumini. Kadiri vinavyochanganyika kwa nguvu, ndivyo salfa inavyotoka haraka.

Kazi ya tatu: kusafisha uchafu. Alumini ikishafunga oksijeni huacha chembe za alumina. Kwenye ndoo yenye kina cha mita 2.3, chembe ya milimita 0.1 hupanda yenyewe hadi juu kwa takriban robo saa. Chembe ya milimita 0.02 huhitaji zaidi ya saa tano, na hakuna kiwanda kinachoweza kusubiri hivyo. Mapovu laini hufupisha safari hiyo: chembe ndogo hugongana, hushikana na kuwa kubwa, na nyingine hubebwa na povu lenyewe hadi kwenye slagi inayozimeza. Zikibaki, huganda kwenye tundu la kumiminia na kuliziba, au huishia ndani ya nondo kama kasoro.

Tazama mgongano uliopo. Kazi ya pili inataka slagi na chuma vipigane. Kazi ya tatu inataka slagi ifunike bila kupasuka, maana kila jicho linapofunguka hewa huingiza oksijeni na nitrojeni, na uchafu mpya huzaliwa pale pale unaposafisha. Ndiyo sababu vali lazima ibadilishwe kadiri kazi inavyobadilika.

## Povu linavyokisogeza chuma

Argoni inaingia ikiwa na joto la kawaida na kukutana na chuma chenye nyuzi 1600 hivi za Sentigredi. Joto hilo peke yake linaitanua zaidi ya mara sita. Inapopanda, uzito wa chuma juu yake unapungua, nayo inazidi kutanuka. Mapovu haya hukiburuta chuma kwenda juu. Kikifika juu chuma husambaa kuelekea kuta, hushuka kando yake, kisha hurudi chini kuelekea kwenye plagi. Mzunguko huo wa chuma ndio unaochanganya.

Mahali plagi ilipo pana maana. Ikiwa katikati kabisa, mzunguko huwa wa pete, na chuma cha pembeni chini husogea polepole. Ikiwa katikati ya njia kati ya kitovu na ukuta, huzaliwa mzunguko mmoja mkubwa unaovuka ndoo nzima, na uchanganyaji huwa wa haraka zaidi.

> KISANDUKU: Kwa nini argoni, si nitrojeni?
> Argoni haiyeyuki ndani ya chuma wala haichanganyiki na kitu chochote humo. Ni takriban asilimia 0.93 tu ya hewa, na hupatikana kwa kuitenganisha hewa iliyogeuzwa kimiminika, ndiyo maana ina bei. Nitrojeni ni ya bei rahisi zaidi lakini huyeyuka ndani ya chuma, na aina nyingi za chuma huwa ngumu na kukatika kwa urahisi kwa sababu yake. Usibadilishe gesi bila idhini ya maabara.

> KISANDUKU: Kisichoondolewa na gesi
> Shaba iliyoingia pamoja na mota na nyaya haitoki kwa kukoroga, hata ukikoroga usiku kucha. Fosforasi nayo haitoki kwenye ndoo iliyokwisha tiwa alumini. Slagi ya tanuri ikifuata chuma hadi kwenye ndoo, fosforasi iliyomo huweza hata kurudi ndani ya chuma. Tiba ya shaba ni kuchambua chuma chakavu kabla hakijaingia tanurini.

## Piga hesabu kabla ya kufungua vali

Nguvu ya kukoroga hupimwa kwa wati kwa kila tani ya chuma:

Nguvu = 14.23 × V × T ÷ M × log(1 + H ÷ 1.48)

V ni gesi kwa mita za ujazo kwa dakika, ikihesabiwa kwa hali sanifu ya nyuzi 0 na kanieneo ya kawaida ya hewa. T ni joto la chuma kwa kelvini (nyuzi 1600 za Sentigredi ni 1873). M ni tani za chuma, na H ni kina chake kwa mita. Kikokotoo cha simu chenye kitufe cha log kinatosha.

Mwaka 1975 watafiti Nakanishi, Fujii na Szekely waliunganisha nguvu hiyo na muda wa kuchanganyika. Kanuni yao ni hii: muda kwa sekunde ni 800 ukigawanywa kwa nguvu iliyopandishwa kwa kipeo cha 0.4. Chukua ndoo ya mfano yenye tani 50, kipenyo cha mita 2 na kina cha mita 2.3:

| Argoni kwa dakika | Nguvu kwa tani | Muda wa kuchanganyika |
|---|---|---|
| Lita 40 | Wati 9 | Takriban dakika 5 na nusu |
| Lita 200 | Wati 43 | Takriban dakika 3 |
| Lita 400 | Wati 87 | Takriban dakika 2 na robo |

Soma jedwali hili mara mbili. Gesi imeongezwa mara kumi, muda umepungua mara mbili na nusu tu. Kutoka lita 200 hadi 400 unaokoa sekunde 40 hivi, na kwa sekunde hizo unalipa argoni maradufu, jicho pana zaidi na matofali yanayolika haraka. Hesabu hii ni ya kukupa picha. Kwa ndoo yako, tumia vipimo vyako.

## Jifunze kwa maji kwanza

Maji ya nyuzi 20 na chuma kilichoyeyuka hutiririka kwa namna inayokaribiana sana, kwa sababu ukigawanya mnato wa kila kimoja kwa uzito wake wa ujazo unapata namba zinazokaribia kuwa sawa. Ndiyo sababu maabara za metali hutumia vielelezo vya maji kuchunguza ndoo. Nawe unaweza, kwa gharama ndogo na bila hatari ya kuungua.

Vifaa: chombo cha mviringo kinachoonyesha ndani, chenye kipenyo cha sentimita 20 na kimo cha angalau 30, pampu ya hewa ya tangi la samaki pamoja na jiwe lake dogo la hewa, mpira na kidhibiti, chupa ya lita moja, beseni, rangi ya chakula, bomba la sindano lisilo na sindano, mafuta ya alizeti, simu ya kurekodia.

Hatua:

1. Jaza maji hadi sentimita 23. Sasa una ndoo ya mfano wetu, ikiwa imepunguzwa mara kumi.
2. Pima hewa. Jaza chupa maji, ipindue ndani ya beseni la maji, elekeza mpira mdomoni mwake na uhesabu sekunde hadi hewa iyafukuze maji yote. Chupa ikijaa hewa kwa sekunde 23, una lita 2.6 kwa dakika, sawa na lita 200 za argoni kwenye ndoo ya kweli. Ikijaa kwa karibu dakika mbili, unawakilisha lita 40. (Lita 200 za argoni hutanuka ndani ya chuma hadi wastani wa lita 830 hivi; kwa kielelezo cha moja ya kumi, gawanya kwa 316.)
3. Weka jiwe katikati ya sakafu. Washa pampu, subiri dakika chache mzunguko utulie.
4. Weka karatasi nyeupe nyuma ya chombo, washa kamera, ingiza rangi kidogo kwa bomba karibu na uso. Hesabu hadi rangi iwe sawa kila mahali. Sekunde moja hapa ni kama sekunde 3.2 kwenye ndoo.
5. Badilisha maji. Sogeza jiwe sentimita 5 kutoka kitovuni na urudie.
6. Kila jaribio lifanye angalau mara tatu, kisha tafuta wastani. Jicho la mtu hudanganyika.
7. Mwishoni mimina mafuta ya unene wa sentimita moja. Anza na hewa kidogo, ongeza polepole, na uandike kipimo cha hewa katika kila moja ya hatua tatu: mafuta yanatikisika, mafuta yanafunguka na maji kuonekana, matone ya mafuta yanaburutwa chini hadi ndani ya maji.

Hatua hizo tatu ndizo macho yako yanatakiwa kuzitambua kwenye ndoo. Ya kwanza ni ya kusafisha uchafu, ya pili ni ya kutia viungo, ya tatu ni ya kuondoa salfa.

Tahadhari: kani ya uso wa chuma ni zaidi ya mara ishirini ya ile ya maji, hivyo mapovu ya ndani ya chuma ni makubwa zaidi. Mafuta nayo si slagi. Kielelezo kinakufundisha mwelekeo. Namba za kazini zipime kazini.

## Hatua kwa hatua kwenye ndoo

Taratibu za kiwanda chako ndizo zenye neno la mwisho. Hatua hizi zinakuonyesha mpangilio na sababu zake.

Kabla ya kumimina

1. Kagua plagi. Iwe safi, bila chuma wala slagi iliyoganda juu yake. Iliyolika hadi alama ya mwisho ibadilishwe, hata kama inapitisha gesi vizuri.
2. Unga mpira, fungua gesi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Panapotoa mapovu panavuja.
3. Pasha ndoo hadi ikauke kabisa na kupata moto. Ndoo baridi hunyonya joto la chuma kwa dakika nyingi baada ya kumimina.

Wakati wa kumimina

4. Fungua gesi kabla chuma hakijaingia, ili plagi isizibe.
5. Zuia slagi ya tanuri isifuate chuma. Ina oksaidi ya chuma, nayo itaila alumini yako.
6. Tia alumini na viungo vikavu kwenye mkondo wa chuma, halafu chokaa kavu. Kama ndoo yako imejengewa matofali ya silika, usitie slagi ya chokaa bila ushauri, kwa sababu huyala matofali hayo.

Baada ya kumimina

7. Koroga kwa nguvu ya wastani kwa muda usiopungua ule uliopata kwenye hesabu.
8. Punguza gesi, pima joto na chukua sampuli mbali na jicho, kwa kina kile kile kila mara.
9. Ukirekebisha kemia, fungua jicho, angushia viungo hapo hapo, kisha lifunge kwa kupunguza gesi. Subiri muda mzima wa kuchanganyika kabla ya sampuli nyingine.
10. Kama salfa bado iko juu, ongeza gesi kwa kipindi kifupi chenye muda uliopangwa. Hakikisha kuna nafasi ya kutosha kati ya slagi na ukingo wa ndoo.
11. Shusha gesi hadi slagi itikisike tu. Shikilia hapo, dakika 5 hadi 10 ni kawaida. Usitie kitu chochote tena, kwa kuwa kila kiungo kipya kinaleta chembe mpya.
12. Pima joto la mwisho na upeleke ndoo kumiminwa.

Kuhusu joto: mafundi wengi huamini kwamba gesi baridi ndiyo inayopoza chuma. Kwa ndoo yetu ya tani 50, lita 200 za argoni kwa dakika huondoa chini ya nyuzi 0.01 kwa dakika. Joto linapotea kupitia matofali na kupitia uso, hasa jicho lililoachwa wazi. Ukitaka kuhifadhi joto, funga jicho.

## Makosa ya kawaida na dalili zake

| Unachokiona | Maana yake | La kufanya |
|---|---|---|
| Geji inaonyesha gesi nyingi, slagi imetulia | Gesi inavuja njiani | Kagua mpira na viungio. Usiamini geji pekee |
| Kanieneo iko juu, gesi haipiti | Plagi imeziba | Fuata utaratibu wa dharura wa kiwanda. Usipeleke ndoo kumiminwa bila kukoroga |
| Sampuli mbili mfululizo hazilingani | Umechukua mapema mno | Subiri muda wa kuchanganyika, chukua upya |
| Salfa haishuki ingawa unakoroga kwa nguvu | Slagi ina oksaidi nyingi ya chuma au chokaa haijayeyuka | Rekebisha slagi kwanza. Gesi zaidi haitasaidia |
| Tundu la kumiminia linaziba | Alumina imebaki ndani | Refusha kipindi cha gesi laini. Zuia jicho |

## Hatari ambazo hazina msamaha

Argoni huua kimya. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa kwa zaidi ya theluthi moja, hivyo hujikusanya kwenye mashimo yaliyo chini ya ndoo. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kengele ya kipimo ikilia kwa asilimia 19.5, toka. Ukimkuta mwenzako ameanguka shimoni, usimrukie. Funga gesi, ita msaada, na mwenye kifaa cha kupumulia ndiye aingie. Wengi waliokufa kwa gesi za namna hii walikuwa wamekwenda kuokoa.

Maji na chuma havikutani. Maji yaliyonaswa chini ya chuma hugeuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,000 kwa kufumba na kufumbua. Chokaa yenye unyevu, kijiti cha sampuli kilicholowa na kopo la kinywaji lililobaki kwenye chuma chakavu vyote vinaweza kulipuka. Unyevu pia huingiza haidrojeni ndani ya chuma.

Usifungue vali kwa ghafla. Gesi inayoingia kwa kishindo hurusha chuma nje ya ndoo. Panda polepole, na hakikisha hakuna mtu karibu na ukingo.

## Orodha ya kukagua kila zamu

☐ Plagi imekaguliwa na haijafika alama ya mwisho
☐ Viungio vya mpira vimepakwa sabuni, havivuji
☐ Gesi iliyopo inatosha kazi nzima
☐ Ndoo imepashwa. Chokaa, viungo na vijiti vyote ni vikavu
☐ Kipimo cha oksijeni kinafanya kazi
☐ Mavazi ya kujikinga na moto, miwani, glavu na buti vimevaliwa
☐ Vipimo vya gesi vya kila hatua vimeandikwa ubaoni
☐ Kila mtu anajua nani anafunga gesi kwa dharura

Kwa kila ndoo, andika mambo manne kwenye daftari: gesi iliyotumika katika kila hatua, muda wake, hali ya slagi uliyoiona kwa macho, na matokeo ya maabara. Ndoo zenye vipimo sawa hazifanani kitabia. Plagi huchakaa, matofali hulika, chuma chakavu hubadilika. Daftari likishajaa utakuwa na kipimo cha ndoo yako mwenyewe, na zamu itakayokupokea itakikuta kimeandikwa. Anza na ndoo ya kesho.